Nafasi ya Mheshimiwa Hombo

Wageni wanaofika nchini kwetu wana swali moja wanalopenda kutuuliza, na huliuliza wakiwa wamekunja pua. Wanataka kujua kama ni kweli kwamba mhalifu wa kwetu akishavuka mpaka na kwenda kuishi ng'ambo, mambo yake yameishia hapo. Swali hilo huniudhi. Mimi ni mwita kesi wa Mahakama Kuu tangu nikiwa na nywele nyeusi. Kazi yangu ni kusimama mlangoni na kuita jina la mshitakiwa, naye aitike "nipo." Kwa hiyo ninasema jambo ninalolijua: katika nchi yetu hakuna mhalifu hata mmoja aliyewahi kuikwepa haki kwa kukimbia. Wamekimbia wengi, hilo sikatai. Waziri wa Hazina alikimbia, mkuu wa bandari alikimbia, jenerali mmoja alikimbia na kifaru. Lakini wote walishitakiwa, wote walihukumiwa, na wote wako jela au wamekwisha kunyongwa, huku wakiendelea kuishi vizuri ng'ambo.

Najua mgeni hapo ataanza kukuna kichwa. Tatizo lake ni kwamba hajui tunavyopanga foleni.

Sisi ni watu wa foleni. Tunapanga foleni ya maji, ya mkate, ya dawa, na ya kumpa mkono Mzee Mkuu siku za sikukuu. Nyuma ya posta kuna foleni ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini, na watu wanaingia tu. Na kwa kuwa hakuna awezaye kusimama kutwa nzima, tuna desturi ya kushikiana nafasi. Ukibanwa na haja, au ukiitwa kwenye mazishi, unamgeukia aliye karibu unamwambia, "Nishikie, narudi sasa hivi," naye anashika. Ukikosa mtu unaacha dumu, au ndala moja. Ukirudi unasema kwa sauti, "Hapo ni pangu," na unapewa. Usiposema, basi, aliyekaa ndiye mwenyewe, na chochote kinachogawiwa kule mbele ni chake.

Kumkatalia mtu ni jambo ambalo halikuwapo. Watu wetu wameibiana mbuzi, wameibiana wake, wamechomeana nyumba, lakini kumtazama mtu usoni ukamwambia "sishiki," hapana. Hata adui yako atakushikia kwanza, ndipo akutukane.

Sasa nije kwa Mheshimiwa Zakwani Hombo. Huyu alikuwa Waziri wetu wa Ujenzi, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Ndiye aliyetujengea wodi ya wazazi kwa mchanga na rangi ya waridi. Saruji aliijua vizuri, maana ilitumika nyumbani kwake, mpaka kwenye banda la mbwa. Wodi ilifunguliwa kwa ngoma, ikapigwa picha, ikasimama vizuri kabisa mpaka siku mvua iliponyesha. Ilipoanguka ndani mlikuwa na wanawake waliokuwa wakijifungua.

Mheshimiwa alifika pale, akavua kofia, akalia mbele ya waandishi wa habari. Alieleza kwamba jengo lenyewe halikuwa na kasoro, ila lilikuwa bado halijazoea watu. Baada ya hapo akaumwa jino. Hospitali zetu kwa bahati mbaya zilikuwa zimepungua kwa wodi moja, kwa hiyo akaenda kutibiwa ng'ambo, na kwa kuwa jino lilikuwa linauma sana alikwenda na mke, watoto, mbwa, na mapazia.

Miongoni mwa waliofukuliwa pale alikuwamo binti mmoja aliyeitwa Mwasiti, pamoja na kichanga chake. Mama yake, Bi Sikitu, alikuwa mjane anayepiga pasi nguo za watu mtaa wa nyuma ya mahakama. Hakuwa na mtoto mwingine. Mwanamke huyu, badala ya kulia nyumbani kwake kama wenzake, akawa anakuja mlangoni kwangu kila siku kuuliza kesi inaanza lini. Nilimweleza kwa upole kwamba yapo mambo makubwa zaidi yanayoikabili nchi. Kesho yake alikuwa pale pale. Mwishowe, ili tupumzike, kesi ikaanza.

*

Niliita jina la Mheshimiwa mara tatu, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na hakuitika mtu. Lakini Wakili wa Serikali alikuwa amejiandaa. Alitoa koti la suti ambalo Mheshimiwa alilisahau kwa dobi, akalitundika kizimbani, na Jaji Mkuu Lumuli akalisomea mashitaka. Koti likaulizwa kama linakiri au linakana. Likanyamaza. Jaji Mkuu akaliuliza tena, safari hii kwa ukali, na liliponyamaza tena akaandika kwamba mshitakiwa ana kiburi.

Yote yangekwenda salama kama tusingetoka kwenda kula. Tuliporudi, koti lilikuwa limeibwa.

Hapo Jaji Mkuu Lumuli alivua miwani akatoa maneno ambayo sasa yanafundishwa shuleni. Alisema nafasi isiyo na dumu, wala ndala, wala mtu, si nafasi tena bali ni hewa, na hewa haihukumiwi. Kama kufikia machweo kizimba kitakuwa bado kitupu, kesi itafutwa, na Serikali itatangaza rasmi kwamba wodi ilianguka yenyewe. Akaangaza macho ukumbini, akauliza kama yupo mtu mwenye haja na kesi hii.

Ndugu wa Mheshimiwa hawakuwapo, wote walikuwa wameumwa meno. Mkono ulionyooshwa ulikuwa mmoja.

"Mama, unaitaka kesi hii iendelee?" akauliza Jaji Mkuu.

"Naitaka," akasema Bi Sikitu.

"Basi mshikie."

Hakuelewa mara moja. Alitazama kizimba, akanitazama mimi, kisha akamrudia Jaji. "Nimshikie nani?"

"Mheshimiwa. Ni kukaa tu, mpaka arudi. Wewe humo hushitakiwi kitu, anayeshitakiwa ni mwenye nafasi."

"Huyo aliyeniulia mwanangu ndiye nikamshikie mimi?"

Jaji Mkuu akamjibu kwamba sheria haichagui, na kwamba wengine wote waliomo ukumbini wana kazi. Watu wakaanza kutazama dirishani jua limefika wapi. Kisha Bi Sikitu akauliza kitu kimoja tu. Alitaka kujua kama, akikaa mle, mahakama itatamka mbele za watu kwamba Zakwani Hombo ndiye aliyemuua Mwasiti, kwa jina lake yule na kwa jina la mwanawe. Jaji Mkuu akasema ikithibitika, itatamka. Bi Sikitu akajifunga kanga yake vizuri, akaingia kizimbani. Nikaita jina la Zakwani Hombo, na nikamwonyesha kwa kichwa la kufanya, na yeye kwa sauti ndogo akaitika kwamba yupo.

Kesi nzuri kama ile sijapata kuiona. Wakili wa Serikali alikuwa na ufasaha wa ajabu. Alimnyooshea kidole akamwita fisadi, mla saruji, mnyonya damu ya wanawake wa taifa hili, akamuuliza alikuwa wapi utu wake alipokuwa akiagiza mchanga. Bi Sikitu alijibu kwamba hata yeye angependa kujua. Ukumbi ukaguna, Jaji Mkuu akamwonya mshitakiwa aache ujeuri.

Tatizo dogo lilitokea kwa sababu shahidi mkuu wa upande wa mashitaka alikuwa ni yeye yeye. Ilibidi atoke kizimbani akapande kwenye kizimba cha mashahidi, aeleze alivyofika hospitali asubuhi ile na mtungi wa uji, alivyofukua kwa mikono, na alivyomtambua mwanawe kwa hina ya miguuni. Alipomaliza aliulizwa kama anaweza kumwonyesha mhalifu hapa mahakamani. Alipogeuka, kizimba kilikuwa kitupu, na wakili wa utetezi akaruka juu akidai nafasi imepotea. Kwa bahati nzuri msafishaji alikuwa na dumu. Tukaliweka pale haraka, Bi Sikitu akalinyooshea kidole, akashuka, akarudi kukaa penye dumu.

Siku ya hukumu Jaji Mkuu alisoma kwa sauti inayosikika mpaka barabarani. "Zakwani Hombo, wewe ndiye uliyemuua Mwasiti binti Sikitu, na mtoto wake ambaye hakuwahi kupewa jina." Bi Sikitu alishika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili, machozi yakawa yanamtoka bila sauti, akasema, "Ahsanteni." Watu wazima walilia, na mimi nilijisikia fahari kuwa raia wa nchi hii. Kisha Jaji Mkuu akaendelea na kipande cha pili cha hukumu, kwamba mshitakiwa atanyongwa mpaka afe.

Magazeti yote yaliandika kwamba Serikali ina mkono mrefu.

*

Kuna wasiojua kushukuru wanaosema Serikali haikufanya juhudi za kumrudisha mwenyewe. Waongo hao. Mwenyewe aliletwa.

Wale watu wa ng'ambo wana tabia ya kuingilia mambo ya wenzao. Waliposoma kwamba Hombo amehukumiwa, walimkamata, wakamtia pingu, wakamleta mpakani kwa gari, pamoja na picha zake na alama za vidole vyake. Mheshimiwa alikuwa akipiga kelele kwamba yeye si Hombo. Afisa wetu wa mpakani, kijana makini sana ambaye tangu hapo amepandishwa cheo, aliwasikiliza kwa adabu, akawajibu kwamba kwa taarifa alizonazo Hombo yuko jela. Wale wakamsihi amtazame mtu sura. Akasema sura zinafanana. Wakamsihi apige simu basi.

Akapiga. Mkuu wa jela alikwenda mwenyewe hadi kwenye selo, akaita, "Zakwani Hombo." Na Bi Sikitu, kama alivyoamriwa na mahakama, akaitika, "Nipo."

Ni ushahidi gani tena mtu anautaka? Afisa akawaambia hatuwezi kuwa na wafungwa wawili katika nafasi moja, na kwamba huyo waliyemleta wamrudishe walikomtoa. Wale wageni waliona aibu. Walimfungua pingu, wakamwomba radhi, na nasikia walimpa fidia na nyumba yenye bustani.

Bi Sikitu alipopata habari kwamba Hombo alifika mpakani, na kwamba kilichomrudisha ni sauti yake mwenyewe, alijibamiza kichwa ukutani mpaka walinzi wakamshika. Baada ya hapo akawa hali chakula. Nilitumwa kumweleza sheria, maana wakubwa hawakutaka afe kabla ya kunyongwa, ingekuwa kama kutoka kwenye foleni bila taarifa. Nikamweleza kwamba hakuna aliyemdhulumu. Mheshimiwa angefika na kusema "hapo ni pangu," angepewa nafasi yake saa ile ile, na yeye angetoka. Hakusema. Sasa kama mwenyewe hakusema, tumlazimishe?

"Kwani kule kwenye mkate nani alikuwa akimlazimisha?" akaniuliza.

Alikuwa anakumbusha jambo ambalo kila mtu analijua. Enzi zake Mheshimiwa Hombo hakuwahi kusimama nyuma ya mtu. Alikuwa akiona foleni, yoyote ile, hata ya dawa za minyoo, miguu yake inampeleka mbele yenyewe, na mdomo unatamka "hapo ni pangu" kabla hajauliza kunagawiwa nini. Watu walimpisha. Ilifika mahali akawa analitamka usingizini, kwa maelezo ya mkewe. Nilimwambia Bi Sikitu kwamba hayo hayahusiani na kesi. Jioni ile alikula.

*

Kunyonga kwetu ni shughuli. Inaundwa kamati, inachanga, inatafuta turubai na mpishi wa pilau, na inachapisha kadi. Kwa kuwa mwenye nafasi ana haki ya kujua yanayompata, sheria inataka apelekewe kadi huko aliko. Na kwa kuwa mnyongwaji ana haki ya ombi moja la mwisho, kamati ilimwendea Bi Sikitu. Wenzake huomba kuku au kuonana na mjukuu. Yeye aliomba kwamba chini ya kadi ya Mheshimiwa yaandikwe maneno haya: "Usiwe na wasiwasi kwa kuchelewa, nafasi yako ya mbele imeshikwa." Kamati ilifurahi sana kuona jela imemtia adabu.

Nimepata kusimuliwa jinsi Mheshimiwa alivyokuwa akiishi kule ng'ambo, na kwa kweli inatia huruma. Chakula kilikuwepo, na bustani ilikuwepo. Lakini wale watu hawajui kushikiana nafasi. Kwenye duka la mkate unapewa kikaratasi chenye namba, na ukienda mbele ukasema "hapo ni pangu" wanakutazama. Siku moja kikongwe mmoja alimsukuma kwa mwavuli mpaka mwisho wa mstari, akamsimamisha nyuma ya mtoto wa shule. Mheshimiwa Hombo alisimama pale akilia. Mtu aliyepata kuwa waziri.

Kadi ilipomfikia, aliyasoma yale maneno ya chini akayarudia. Mwanasheria wake alimhakikishia kwamba hakuna hatari, kwani mtu hawezi kunyongwa katika nafasi iliyokwisha kukaliwa na mwingine. Akapanda ndege. Alipokewa uwanjani kwa mashada ya maua, akapangishiwa hoteli, na jioni alionekana kwenye televisheni akisema kwamba ametusamehe.

Siku ya shughuli ilikuwa na jua zuri. Turubai zilijaa, bendi ya polisi ilikuwa inapiga, na harufu ya pilau imetanda. Mzee Mkuu mwenyewe alikuwepo, amekaa jukwaani. Mbele ya jukwaa walipangwa wale wa kunyongwa siku ile: wa mbele Bi Sikitu, nyuma yake mtunza bustani aliyekuwa amemshikia yule jenerali wa kifaru, nyuma yake binamu wa mkuu wa bandari, na wengine. Mti wenyewe ulikuwa umefunikwa kitambaa cha rangi za taifa, kwa hiyo aliyechelewa asingejua foleni ile inaelekea wapi. Mimi nilikuwa ubavuni pa Bi Sikitu, tayari kuita majina.

Mheshimiwa Hombo alichelewa. Aliposhuka garini aliiona foleni, iliyonyooka, inayoelekea aliko Mzee Mkuu, na nilimwona kwa macho yangu miguu yake ikianza kwenda.

Bi Sikitu akamgeukia. Alikuwa amekonda sana, lakini alikuwa anatabasamu. "Mheshimiwa, karibu," akamwambia. "Nimekushikia."

Yule bwana alisimama. Nadhani alikuwa anamkumbuka yule kikongwe na mwavuli wake. Machozi yalimlengalenga, akaweka mkono kifuani, na kwa ile sauti yake ya kujaza uwanja akasema, "Hapo ni pangu. Ahsante sana mama, Mungu akuzidishie." Akaingia kwenye mstari. Bi Sikitu akatoka.

Bendi ilinyamaza chombo kimoja kimoja. Jaji Mkuu Lumuli alitafuta miwani yake ilhali ameivaa. Watu maelfu walikuwa wamesikia, na lile neno likishasemwa kwetu halirudi. Mnyongaji, ambaye ni mtu wa kazi tu na hana siasa, akavuta kitambaa.

Mheshimiwa alipouona mti, uso ulimsawijika. Alijaribu kurudi nyuma akakutana na mtunza bustani, ambaye hakusogea. Bi Sikitu alikuwa amesimama mbele yake sasa, karibu kabisa.

"Sitaki kitu kingine kwako," akamwambia. "Mtaje tu mwanangu. Mtaje jina."

"Mwanao yupi?" akauliza Mheshimiwa.

Nilimtazama yule mwanamke. Nilidhani ataanguka. Hakuanguka, alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la swali lake. Lakini Mheshimiwa hakuwa mtu wa kukata tamaa, na si bure kwamba alikuwa waziri. Akakumbuka kwamba yeye pia ana haki zake katika nchi hii.

"Mama," akamwambia, "nimebanwa na haja. Nishikie, narudi sasa hivi."

"Sishiki," akasema Bi Sikitu.

Sikuamini masikio yangu. Uwanja mzima uliguna. Mimi nimeshuhudia kesi za wauaji na wachomaji, lakini kitu kichafu kama kile kutoka katika kinywa cha mtu mzima sikuwa nimekisikia. Mbele ya Mzee Mkuu. Mbele ya watoto. Mtu kabanwa na haja, anaomba kwa adabu, unamwambia sishiki?

Mheshimiwa akamgeukia mtunza bustani. Huyu akasema kwa masikitiko kwamba tayari ameshika ya jenerali, na mtu mmoja hashiki mbili. Binamu wa mkuu wa bandari vilevile. Akamgeukia mnyongaji, mnyongaji akamwonyesha kwamba ameshika kamba. Akamtazama Jaji Mkuu, Jaji Mkuu akashika kitabu chake cha sheria. Mawaziri wote kule jukwaani, kwa mara ya kwanza kukubaliana jambo, walikuwa wameshika sahani za pilau kwa mikono miwili. Ndipo akanigeukia mimi, na mikono yangu ilikuwa mitupu.

"Mzee wangu," akaniambia, "nishikie."

Bi Sikitu alipiga magoti. Mwanamke wa umri ule alipiga magoti kwenye vumbi akashika upindo wa kanzu yangu. "Usimshikie, baba," akasema. "Nakuomba. Nimekaa mle ndani kwa ajili ya siku hii moja. Nyamaza tu, hata usimjibu. Nyamaza."

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Mtu aliyetoka kuivunja desturi ya nchi hadharani, sasa ananitaka na mimi niivunje. Nililelewa vizuri. Marehemu baba yangu alipata kumshikia mtu nafasi nyuma ya posta mpaka akafia pale, na tukamzika kwa heshima zote. Niliuvuta upindo wa kanzu yangu kutoka mikononi mwake, nikamtazama Mheshimiwa, nikamwambia, "Haya."

Alinishukuru sana. Alinikumbatia. Aliondoka kwa mwendo wa mtu aliyebanwa kweli, akapitia sahani ya pilau, na gari lake likashika njia ya uwanja wa ndege, ambako ninaamini vyoo ni visafi zaidi. Bi Sikitu alibaki amekaa chini. Hakulia. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Shughuli iliahirishwa kwa upande wangu, kwa sababu mita za kamba zilikuwa zimepimwa kwa uzito wa Bi Sikitu na mimi si mwepesi hivyo. Wale wengine walimaliziwa siku ile ile.

*

Hapa nilipo si pabaya. Nimepewa kalamu, na mkuu wa jela huniita kwa heshima, "Mheshimiwa Hombo," nami huitika kwamba nipo. Mwita kesi mpya mahakamani ni kijana mwenye sauti hafifu, na hilo linanisikitisha kuliko kulala chini.

Bi Sikitu alikuja kuniona mara moja. Nilidhani amekuja kuniomba radhi kwa ule utovu wa adabu, nikajiandaa kumsamehe. Alisimama upande wa pili wa nondo.

"Mimi nilikaa humo kwa ajili ya Mwasiti," akasema. "Wewe umekaa kwa ajili ya nani?"

Nikamjibu kwamba nimekaa kwa sababu niliombwa vizuri. Akaniuliza kama najua kwamba yule hatarudi. Nikamweleza, kwa mara nyingine, kwa upole, kwamba mtu aliyeshikiwa nafasi hurudi. Mheshimiwa aliniambia mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya Mzee Mkuu, kwamba anarudi sasa hivi. Bi Sikitu akasema kwamba alikuwa amekuja ili anichukie, lakini sasa hata hilo hawezi. Akaondoka bila kuniaga, na sijamwona tena.

Jana alikuja mnyongaji na utepe wake kunipima shingo, maana kamati imekwisha kupata turubai. Ni mtu mpole, tulizungumza vizuri. Nilimwomba tu asikate kamba kwa kipimo changu, kwa sababu shingo ya Mheshimiwa ni nene, na akirudi itambana.